Hesabu ya Soksi

Rochdale, Februari. Daftari la wiki mbili la akina Garside:
mkate, maziwa, gesi, viazi, tena gesi.
Mkate hausemi aliyekula ganda ni nani.
Gesi haijui jina la mtu.

Basi nafuata nguo; nguo haikosi mwenyewe.
Buti za Clive, pauni tisini.
Viatu vya shule vya Keeley, thelathini na mbili.
Doreen: soksi, jozi tatu kwa pauni mbili.

Kutoka kwenye soksi mlinganyo unapanda,
unachungulia sufuria,
unarudi na jibu: fungu lake, moja ya saba.

Naandika. Halafu pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa Doreen, mdogo kama aibu:
soksi nazo ni za Keeley.

Nafuta moja.
Saba naiacha hapo,
sijui igawiwe nani.