Kisigino cha Julai

Saa tisa na robo, usiku wa Julai,
baridi ya Nairobi imeingia hadi ndani ya soksi zangu.
Kitanda cha sita. Kibandiko cha wino unaovuja:
Mtoto wa Kanini. Kilo mbili na gramu mia moja.
Jina lake mwenyewe bado liko njiani.

Anatetemeka.
Huenda ni baridi. Huenda ni sukari.
Kutetemeka hakuna lafudhi.

Nachoma kisigino, tone linajivuta kama mdaiwa,
nalilisha kijiti, mashine inahesabu kurudi nyuma,
kisha inatamka: moja nukta tisa.
Nachoma cha pili. Dakika tatu hazijapita.
Tatu nukta nne.

Mtoto ni yule yule, damu ni ile ile.
Nani kati yenu anasema kweli?

Mashine hii, nawaambia wanafunzi wangu,
ilizaliwa kwa ajili ya kidole cha mtu mzima,
cha mzee Gathogo wa Buruburu
anayejipima kabla ya chai na kujidanganya baada ya chai.
Sukari ikiwa juu, ina macho.
Ikishuka huku bondeni tunakoishi sisi,
inapapasa ukuta kama mtu aliyepotelewa na stima.
Nayo damu ya kichanga ni nzito, uji usiopita chujio;
mashine huionja juujuu ikasema: humu hamna kitu.

Na hapo sijataja vijiti,
mkebe ulioachwa wazi dirishani tangu zamu ya mchana,
wala spiriti isiyongojwa ikauke,
wala kisigino baridi kinachokamuliwa kama ndimu
hadi kitoe maji mahali pa damu.

Niliwahi kuiamini.
Mwaka juzi, kitanda cha pili, iliniambia nne nukta moja.
Nikashukuru, nikaandika, nikaenda kunywa chai.
Sikumwuliza nyanya yake, aliyekuwa akimbembeleza mguu,
alikuwa ameshika nini.
Mkate wa jemu.
Nilikuwa nimepima utamu wa vidole vyake.
Alfajiri degedege ikaja.
Siku hizi namwona kliniki.
Hunipungia mkono, wa kushoto tu.

Kwa hiyo leo nanawa.
Nakiosha kisigino kwa maji ya uvuguvugu, nakikausha,
nakivalisha soksi ya mtumba iliyolala juu ya chupa ya moto.
Navuta damu ya mshipa, chupa ya kifuniko cha kijivu,
nampa Odera mkononi, si kaunta:
kimbia nayo, damu ikikaa
hujila sukari yake yenyewe.

Simngojei arudi.
Kanini ameketi kwenye benchi, shuka mabegani,
anakamua dang'a, manjano kama nta, kijiko kisichojaa.
"Sista, mashine inasemaje?"
Inasema mambo mawili, mama.
Wewe endelea kukamua.

Saa kumi na moja kasoro, jibu la maabara:
mbili nukta tatu.
Si ya kwanza, si ya pili.
Naziandika zote tatu, kila moja na saa yake,
sifuti hata moja,
na pambizoni, mahali pasipo na safu wala kipimo:
amekibana kijiko kwa ufizi,
hataki kukiachia.