Msumari Umelegea

Mume wangu Nugzar husikia friji ikibadili sauti.
Saa nane za usiku, theluji imelala juu ya mapaa ya Kutaisi,
ananigusa bega: "Tsiala, umesikia?
Imeanza kukoroma kwa pua moja."
Asubuhi yake anaifungua friji hiyo hiyo,
anaduwaa kama mtu aliyekuta ofisi ya serikali imefungwa.
"Siagi iko wapi?"
Siagi inamtazama.
Siagi iko usawa wa kitovu chake,
ingekuwa na mkono ingemkunja ukosi.

Mimi mikoromo ya friji siijui.
Ninachojua, Eteri wa ghorofa ya pili ana viatu vipya,
nimevisikia ngazini, vya kisigino, na vinambana.
Najua nani alikalia mto wa kochi, na kwa muda gani.
Najua glasi zimebaki kumi na moja,
na aliyevunja ya kumi na mbili ni shemeji Badri,
maana siku hiyo ndiye pekee aliyesifu supu.

Mwezi wa kumi nilibadilisha mapazia.
Ya kijani nikayatoa, nikaweka mekundu, mekundu ya komamanga,
hata jirani wa ng'ambo alipiga simu kuuliza kama tuna harusi.
Nugzar akakaa chini yake wiki tatu akinywa chai,
mashavu yamemwiva kwa mwanga,
siku ya ishirini na mbili akasema:
"Hivi jua la mwaka huu lina nini?"

Nikasema, leo ni leo.
Nikaitungua ukutani picha ya marehemu mama yake,
yule ambaye jicho lake linanikagua tangu siku ya ndoa,
nikamlaza kabatini kwa heshima zote, baina ya mashuka,
na mahali pake nikatundika kalenda ya kiwanda cha jibini:
ng'ombe wa madoadoa, katoa ulimi.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili akainua glasi ya divai kumwelekea, kama ada yake,
"Kwa roho ya mama."
Ng'ombe hakukataa.
Siku ya tatu akasimama ghafla, kijiko mkononi,
akaukazia macho ukuta. Moyo ukanipiga paa.
"Tsiala," akasema, "huu msumari umelegea."
Akaenda kuleta nyundo.

Nikampigia dada yangu aliye Batumi,
tukacheka mpaka salio likakata.

Sasa, habari ya kigoda.
Lifti yetu ilishakufa, hata matanga tumeyasahau,
nasi twakaa ghorofa ya tano.
Siku moja nikakuta kigoda ghorofa ya tatu, kando ya dirisha lililopasuka.
Nikadhani ni cha wale wanafunzi wavuta sigara.
Nikaketi kidogo, nikaendelea na viazi vyangu.
Kesho yake nikaketi tena.
Wiki mbili.

Jumatano Nugzar akaniuliza, macho kwenye redio aliyoifumua:
"Kile kigoda hakiyumbi?"
"Kigoda kipi?"
"Tangu baridi ianze hatua zako zinakatika pale.
Zinakuja, zinakuja, halafu kimya,
halafu mfuko unatua sakafuni.
Nikasema, basi akae."

Sikujibu.
Mimi niliyemnasa Badri kwa supu
sikujua kwamba pumzi yangu ina mtu anayeihesabu.

Nikashuka na kitambaa nikipanguse, angalau hilo.
Nikakipindua.
Chini ya kikalio, unga mkavu ndani ya nyufa,
na kovu la kisu nililolitia mwenyewe ile Krismasi umeme ulipokatika:
ubao wangu wa kusukumia mikate ya jibini!
Mwezi mzima nimeutafuta,
na Nugzar aliapa, kiganja kifuani,
mbele ya ng'ombe,
hajauona.