Sehemu Yangu ya Nasadiki

Jumapili ya tatu baada ya matanga
nilisimama na wenzangu, mdomo nimeufumba.
Padri akaanza, kanisa zima likafuata,
sauti kama mawe yanayoporomoka Mabatini,
nami nikahesabu vigae vya sakafu
mpaka wakafika kwenye Amina.

Wiki ileile nilikuwa nimefua vitambaa vya altare,
nimevipiga pasi ya mkaa, nimevikunja mara tatu
kama alivyonifundisha Sista Oliva.
Mikono iliendelea kusadiki.
Ulimi ndio uliogoma.

Msiniambie habari za nyumba juu ya mwamba.
Sisi wa mlimani tumejenga juu ya mwamba kweli,
mwamba wa kuugusa, wenye mijusi vichwa vyekundu,
maji tunayapandisha kwa ndoo, ngazi mia na kumi na nne.
Na masika yalipokuja ni kwetu yalikoingia kwanza,
yakamkuta Malugu kitandani anakohoa,
yakalowesha godoro na cheti cha ndoa.

Siku kumi na moja za hospitali
niliomba kwa majina yote ninayoyajua,
kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, mwisho kwa kunyamaza.
Siku ya kumi na mbili nikakabidhiwa mfuko wa khaki:
viatu, mkanda,
simu yenye chaji nusu.

Jumuiya walikuja Alhamisi, rozari na sukari kilo mbili,
wakasema kazi ya Mungu haina makosa.
Nikawapa chai. Moyoni nikauliza:
fundi asiyekosea, mbona hakagui paa?

Kabula ndiye aliyeona.
Anauza dagaa Kirumba, hukaa benchi letu,
harufu ya dagaa haimtoki hata kwa sabuni ya Jumapili.
Miezi minne alisimama ubavuni pangu
akiipaza Nasadiki mpaka watoto wanageuka,
nami nikamchukia kidogo kwa sauti ile,
nikidhani anajionyesha.

Halafu ikaja Jumapili ya wadudu wa ziwani.
Waliinuka kutoka majini wingu zima,
ungedhani kisiwa kinaungua,
wakaziba njia, wakaziba jua,
tukakwama mlangoni, kanga puani.
Kabula akasema bila kunitazama:
"Napaza kwa sababu nasema ya watu wawili.
Na yako imo. Umechoka, najua.
Mwaka ule alipokufa Limi wangu
wewe ndiye uliyekuwa ukisema,
mimi nilikuwa nahesabu vigae.
Ni mia tatu na sita, kama hujamaliza."

Nikacheka. Mdudu akaniingia mdomoni.
Nikatema, nikacheka tena,
na kicheko kikageuka katikati ya njia
kikawa kile kilio nilichokinyima matanga.

Sikujua. Mwaka ule wa Limi
nilisema kwa mazoea tu,
huku nikiwaza bei ya mkaa.
Kumbe kuna mtu alikuwa ameegemea hapo.

Sasa nasema. Si yote.
Naanza na wenzangu, napita mbingu na dunia,
napita msalaba, hapo nasimama imara kabisa,
maana kufa nakujua.
Lakini mstari wa wafu kufufuka
bado unanikwama kama mwiba wa sato.
Hapo nanyamaza, na Kabula anaubeba,
begani kwake, pamoja na wa kwake,
kama ndoo mbili kwenye ngazi zetu.

Bwana, sijui kama hii ni imani
au ni deni kwa jirani.
Nimekuja hivihivi.

Usiku huu mvua imeanza tena.
Nimetega sufuria chini ya tundu,
nimekunja vitambaa vyako, viko pakavu.
Nimeaga majina mawili kabla ya kuzima taa,
la Malugu, na lako.
Gizani sufuria inaitikia: to. To.
Nasikiliza hadi inajaa,
naamka kuimwaga.