Nyuzi

Kompyuta yangu hukaa mvunguni,
na cha mvunguni, wamesema, sharti uiname.
Nimeinama. Magoti kwenye simiti ya Kayole,
simu ya tochi nimeing'ata kwa meno,
bisibisi ya kuazima mkononi.

Prosesa niliinunua Luthuli, elfu nne na mia tano,
mtumba, bila boksi, bila risiti.
Pini mbili zilikuwa zimepinda;
Okwemba alizinyoosha kwa wembe
huku akitafuna karanga karibu na sikio langu:
"Ni ya bei ya chini, lakini haikufungwa kufuli.
Ukitaka ikimbie, itakimbia.
Usiichape tu kama punda wa kuuza maji.
Hatua moja, ipime. Hatua moja, ipime.
Na volteji, wewe mgeni, iache ilale."

Nina harusi ya watu ya kukata na kuunga.
Bibi harusi hupiga simu kila asubuhi.
Mashine huitoa kwa saa tisa,
na tokeni zikiisha saa ya nane
naanza tena tangu kanisani.

Kwanza vumbi.
Nililitoa kwa brashi ya nywele ya dada yangu, bila kumwambia.
Kisha ile dawa ya kupitisha joto:
mara ya kwanza niliipaka kama siagi ya mkate,
nikaifuta yote kwa spiriti,
nikaweka upya, kiasi cha punje moja ya ndengu.

Nyanchama ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Alinikuta nakisia, akacheka.
"Utajuaje mgonjwa anazidiwa bila chati?"
Akanichorea mistari nyuma ya kalenda,
akafunga viatu vyake vyeupe, akaenda kazini.

Saa mbili usiku. Tatu nukta tano, kama alivyozaliwa. Nyuzi sitini na mbili. Ametulia.
Saa tatu. Nukta sita. Sitini na sita.
Saa nne na nusu. Nukta saba. Sabini na moja. Feni inanong'ona.
Saa sita. Nukta nane. Sabini na sita. Nimefungua dirisha;
Julai imeingia bila hodi, pamoja na moshi wa taka za mtu.
Saa saba. Nukta tisa. Themanini na nne. Sipendi sauti hii.

Saa nane. Nne kamili.
Kwa nini? Kwa sababu nne ni namba nzuri.

Skrini ikawa buluu, ikawa nyeusi,
nikabaki nasikia moyo wangu na mbwa wa jirani.

Chomoa waya, alisema Okwemba. Usipige kelele.
Toa ile betri ndogo mfano wa sarafu,
hesabu hadi mia, irudishe.
Nilihesabu kwa Ekegusii, nikapotea kwenye themanini,
nikaanza tena.
Ikaamka imesahau yote niliyoitenda,
hata tarehe.

Nikairudisha kwenye nukta nane.
Niliandika kwenye safu ya maoni: *inatosha*,
kisha nikalitazama neno hilo kwa muda,
maana nyumbani kwetu halitumiki sana.

Kesho yake harusi ilitoka kwa saa nane na dakika ishirini.
Dakika arobaini. Faida yote ndiyo hiyo,
magoti, pini, ndengu, hofu, vyote pamoja.

Ndani ya dakika hizo Nyanchama aliingia,
zamu mbili mfululizo, wiki ya tatu sasa,
kwa kuwa wenzake wawili hawajaajiriwa bado.
Alijilaza juu ya kompyuta na viatu vyake.
"Mbona kimya huku chini?"
"Imemaliza."
"Homa?"
"Imeshuka. Arobaini na moja."

Nilivuta kalenda, nikachora mstari mpya:
saa, mwendo, joto.
"Na yako?" nikamuuliza.

Alikuwa amelala tayari,
mkono mmoja ukining'inia mvunguni,
pale feni inapotoa hewa ya uvuguvugu.
Nikaanza na kamba za viatu.