Inchi Ishirini na Nane

Nchi yake siijui.
Inchi zake nazijua:
kiuno thelathini na moja, mguu ishirini na nane,
na goti la kushoto huchakaa kabla ya la kulia,
maana kule Chongoleani, kwenye matangi,
hupiga goti moja tu anapochomelea.

Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni pangu,
Barabara ya Kumi na Mbili,
ambako hata mbuzi huingia na kwato zake.
Akauelekeza uzi wa buluu kwa midomo,
kama shangazi yangu wa Pangani,
asiyepoteza kidole kwa jambo dogo.
Nilipomkabidhi suruali akasema, "Salamat."
Nikamjibu, "Salama tu, wewe je?"
Miezi miwili tukaenda hivyo,
yeye akishukuru, mimi nikimjulia hali,
na hakuna aliyepunjika.

Mtaa ukatoa hukumu, mtaa haukawii:
Wafilipino ni watu safi.
Wafilipino hulipa kabla ya kudaiwa.
Bi Kibibi akaongeza kuwa hawana ugomvi,
kwa ushahidi wa mtu mmoja
na maandazi manne kila Ijumaa.
Nchi nzima, na visiwa vyake elfu saba,
ikakatwa kwa kipimo cha Rodel
ikamkaa.

Kisha akaja Dindo.
Dindo alikuwa na kicheko kizuri na koo lisilo na kitako.
Kwenye grosari ya Shemhilu alikopa
bia, vocha, sabuni, bia,
akaondoka na basi la alfajiri, mkataba umekwisha,
daftari likabaki wazi: elfu themanini na sita.
Jioni ile ile nchi ikafumuliwa.
Wafilipino? Matapeli.
Wanacheka ili wasidaiwe.
Na Bi Kibibi, yule yule:
"Mimi nilisema tangu mwanzo."

Jumamosi Rodel akapita kwa Shemhilu.
Hakuuliza sana. Alilisoma lile jina, akahesabu noti
kama anayetoa rambirambi.
Shemhilu akasita: deni si lako.
Akajibu kwa Kiswahili alichookota kwa vibarua,
"Si yangu. Lakini yetu."
Akaja kwangu, akavua viatu, hakukaa.
Niliiona shingo yake
ilivyojikaza chini ya watu asiowajua.

Usiku nikampigia mdogo wangu Mwanakheri, Maskati.
Nikamuuliza: huko, Tanga ni nini?
Akanyamaza. Nilisikia bomba, nilisikia sahani.
"Tanga ni mimi, dada.
Kabla yangu alikuwepo mmoja wa Korogwe,
alitoroka na bangili.
Mwaka mzima mimi nilihesabiwa vijiko.
Naamka saa kumi. Sijaugua hata siku moja,
nikiugua watasema wa kwetu wavivu."
Halafu akacheka kidogo.
"Mwenzangu wa jikoni ni Mfilipino, Marites.
Ndiye aliyenifundisha kuvihesabu mwenyewe,
mbele yao, kwa sauti,
kabla hawajaanza."

Suruali ya Rodel bado inaning'inia hapa.
Goti la kushoto nimelitia kiraka kwa ndani,
kisionekane, ndivyo apendavyo.
Mimi sipendi.
Mimi nataka siku moja aje na viatu vyake na tope lake,
anidai chenji ya mia tano kwa kelele,
anikatae bei, aape, arudi kesho kuomba radhi
au asirudi,
na mtaa useme: huyu Rodel huyu, ana mambo.
Rodel.
Visiwa viachwe baharini vilipo.

Na kule Maskati, mdogo wangu ateleze,
sahani imponyoke, ipasuke vipande saba,
na aliyeko sebuleni aulize, bila kuinuka,
"Nini hicho?"
na iwe ni sahani.