Wimbo wa Saba

Tulitundika magodoro ukutani, Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
magodoro ya Bi Mwanakombo, yangali yananukia iliki,
tukamwomba jirani asitwange mpaka alasiri.
Akatwanga.

Sikiliza wimbo wa saba: chini ya gitaa linalonguruma,
chini ya besi ya Mhina, kuna kinu,
kinaitangulia ngoma nusu pigo.
Shekue alitaka tuufute, tuanze upya.
Fedha ya kukodi maikrofoni ilikwisha,
na umeme haukungoja.

Albamu imetoka. Nyimbo tisa,
jalada rangi ya singa za mkonge.
Mhina yuko Handeni, anauza betri za sola.

Jirani kainunua.
Anasema humo ndani
wimbo mmoja tu
ndio tuliokwenda na mapigo.