Mtoto wa Jicho

Baba alipiga picha kwa jicho la kushoto.
Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.
Nilidhani ndivyo kamera zilivyoumbwa,
kama viatu, kimoja cha huku na kimoja cha kule.

Studio ilikuwa Langoni, juu ya duka la Shee Famau:
vipandio kumi na kimoja, cha saba kimelegea,
pazia la buluu, kiti kisicho na mgongo,
na kichana kilichofungwa kwa uzi ukutani
wateja wasiondoke nacho.
"Tazama hapa," husema Baba,
pua yake imegandamizwa na kamera hadi imelala upande,
jicho la kulia amelifumba kama mtu aliyeuma ndimu.
Watoto wa chuoni wakidhani anawakonyeza.
Wakicheka tu, kidole kimeshabonyeza.
Siri ya picha zake za kucheka ilikuwa hiyo, hapana nyingine.

Aliponipa kamera nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Nilifumba la kulia mpaka shavu likauma.
Nilijizoeza njia nzima ya Usita wa Mui,
nafumba, nafumbua,
hata punda wa mchanga akanipiga kikumbo
upande ule ule niliouzima.
Jioni jirani akaja kushtaki:
"Twaiba amkonyeza mwanangu wa kiume!"

Sasa mimi ndiye ninayeitwa usiku wa kupamba,
wanaume wako nje, simu zimeachwa mlangoni kapuni,
udi umetanda, na kamera ni yangu peke yangu.
Usiku mmoja Nuswaiba, aliyetoka Malindi kuchukua video,
akanishika bega:
"Mbona la kushoto? Kioo chako chote mafuta ya pua.
Tumia la kulia, hilo jingine liache wazi,
likuonyeshe nani anakuja kabla hajaingia."

Nikajaribu.
Bibi harusi akahama kidogo, kiti na maua yake,
kana kwamba nimeazima jicho la watu
na bado halijanizoea.
Nikarudi kwa langu.

Nilipofika nyumbani nilimwuliza Baba.
Alikuwa anamenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika.
"La kushoto la kazi," akasema, "la kulia la nyumbani.
Mato yote mawili yakenda kazini, nani atasalia na nyinyi?"
Maneno yakanikaa. Nikayarudia kwa watu,
nikayapamba kidogo kila mara.
Sikumwona akilitafuta chungwa kwa vidole
pale pale alipoliweka.

Mwezi wa pili wakaja madaktari wa macho,
wakatundika kibao cha herufi darasani.
"Funika jicho moja, mzee."
Akafunika la kulia. Mkono ulikwenda wenyewe,
miaka arobaini unaijua njia.
"Soma."
Kimya.
"Soma, mzee, hata ile kubwa ya juu."
"Kwani taa mmezizima?"

Daktari akainama na tochi yake.
"Mzee wangu, una mtoto wa jicho."
"Ninaye," Baba akacheka, "si huyu aliyenileta?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka,
kisha nikaacha.

"Haya, funika hilo la kushoto."
Akatii, kwa shida; kiganja hakikujua pa kukaa.
Na jicho la kulia, lililolala kila kazi ilipoanza,
likasoma mstari wa kwanza, wa nne, wa mwisho,
likasoma na jina la kiwanda kilichochapa kibao,
chini kabisa pembeni, ambalo mimi sikuliona.

Kisha akanigeukia, kiganja bado usoni.
Akanitazama muda, bila kuniambia nikae wima,
bila kuniambia kidevu juu.

"Twaiba, una kovu hapo kwenye nyusi."
"Tangu nina miaka sita, Baba."
"Lilitoka wapi?"
"Kipandio cha saba."

Akanyamaza.
"Nitakigongomea," akasema.